Maiti Mwenye Adabu

Motunrayo alikuwa ameshaupakia mkoba wa mama yake garini. Yeye na Gbolahan, mwongozaji wa filamu, walikwishaelewana nyuma ya ukuta kama wezi: Mama Ajike akishindwa tena, binti atamchukua taratibu warudi Ibadan, na nafasi yake apewe mwingine. Asubuhi nzima bi mkubwa alikuwa akianza vizuri, halafu maneno yanamponyoka, anabaki kutazama mikono yake.

Na huyu ndiye Ajike! Watu wazima wa Oshogbo wangali wanamkumbuka akishuka kwenye lori la kikundi cha maigizo cha marehemu mumewe, mtoto mgongoni, na jioni ile ile anageuka malkia jukwaani, mpaka wanaume wanatoka ukumbini wakijifuta macho na kusingizia vumbi. Filamu zilipokuja, akahamia nazo. Alipoigiza mke mwenza mtia sumu, wauza pilipili sokoni walimsusa mwaka mzima. Mtoto yule wa mgongoni ndiye Motunrayo, na ilimuuma sana kwamba yeye ndiye atakayemshusha.

"Mama, twende tena," Gbolahan alisema. "Mwanao ameletwa amekufa. Unamlilia, unamsifu. Maneno haya hapa kwenye karatasi."

"Karatasi, karatasi! Kule lorini tulikuwa na karatasi?" Ajike alifoka. Akamwinamia mwigizaji aliyelazwa mkekani, kafunikwa shuka jeupe hadi kifuani. "Wewe maiti, mtoto wa nani?"

Maiti akafumbua jicho moja. "Kolade, Mama. Wa kwa Ogundiran, kule Ede."

"Wahunzi hao. Haya, kufa."

Kamera ikawashwa. Ajike akapiga magoti, akaanza kumsifu maiti kwa sifa za ukoo wa Kolade mwenyewe: mwana wa waliopiga chuma kikalia, mwana wa watu ambao moshi wao huamka kabla ya jogoo, mjukuu wa aliyewapa wakulima majembe, yeye akabaki na makovu. Aliyatoa wapi yote hayo? Motunrayo alikuwa amemsikia mama yake tangu utotoni, na bado siku hiyo alijiona mgeni mbele yake.

Ndipo maiti akatupa shuka, akaruka, akalala kifudifudi miguuni pa bibi huku machozi yanamtiririka, kama afanyavyo kila Myoruba aliyelelewa akaleleka anapoitwa na mkubwa kwa sifa za baba zake.

"Kata! Kata!" Gbolahan alipiga kelele. "Kolade, una wazimu? Maiti gani huyu mwenye adabu hivi?"

"Nisamehe, bosi. Kaniita kwa ukoo wangu. Ningeendeleaje kulala?"

Watu wakaangua kicheko. Ajike hakucheka.

"Kosa ni langu," alisema. "Kwenye lori hata mpishi alijua. Maiti wa mchezo hasifiwi kwa ukoo wake wa kweli, anatungiwa wa uongo, maana akiitwa kwa wake ataamka. Hata hilo nimelisahau."

Motunrayo aliona basi, yamekwisha. Akamshika mkono. "Mama, twende nyumbani."

"Dada, ngoja kwanza," Kolade alisema, akirudi mkekani. "Mama, usinitungie ukoo wa uongo. Niite vile vile. Nyie nifungeni miguu tu."

Motunrayo alimtazama mama yake, kisha akavua kilemba chake mwenyewe, akamfunga Kolade miguu nacho.

Ajike alianza upya, na wala hayakuwa maneno yale yale. Yalikuwa makubwa zaidi. Kolade alikaza meno, akatulia. Safari hii aliyeshindwa alikuwa mpiga picha, alilia waziwazi huku ameng'ang'ania kamera yake. Gbolahan alisahau kabisa kusema kata.

Baadaye Motunrayo alimpelekea maji kivulini. "Mama, leo umetisha."

Ajike alimtazama kwa macho yaliyopotea. "Nimefanya nini? Kwani tumeshaanza?"

Gbolahan alikuwa amesimama karibu, na alikuwa amesikia. Akainama chini kabisa, mkono ukigusa ardhi mbele ya bibi.

"Bado, Mama," alisema. "Tunaanza kesho asubuhi. Tunakungoja wewe."

Motunrayo akaenda garini, akautoa mkoba.