Atamwinua

...na bado wanamngoja asome, ukungu wa Kilolo haujainuka, jeneza la Yusta liko kando ya shimo, na Biblia mikononi mwa mwinjilisti Kalinga imejifungua yenyewe palepale alipomsomea wiki tatu zilizopita kitandani kwake, barua ya Yakobo, mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wampake mafuta, na Bwana atamwinua, naye akampaka, akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha Yusta akauliza taratibu, "Na sindano za sukari, mwinjilisti?"... naye akajibu, yeye mwenyewe, si mwingine, "Neno halikutaja sindano, mama," akaona fahari kwa jibu lile fupi, akina mama wa jumuiya wakaitikia amina, Yusta akazifunga sindano zake kwenye kitambaa, basi... na alijua, mbona alijua, chuoni mchungaji Philbert aligonga ubao kila siku, aya haisimami peke yake, isomeni sura nzima, ulizeni waliandikiwa akina nani, wazee wa kale walitafuta maana nne katika neno moja, ya wazi, ya fumbo, ya mwenendo, ya tumaini la mwisho, na mtihani ule Kalinga aliongoza darasa... Didas, mume wa marehemu, anasema kitu, anarudia, "Soma, mwinjilisti, watu wanaloa," ndiyo, wanaloa, na jibu limekuja lenyewe, zuri mno, atamwinua, maana ya nne, ufufuo, siku ya mwisho, kwa hiyo ahadi haikuvunjika, nani hapa atapinga, Didas atafarijika, watu watakwenda kula... na ni kweli, hilo ndilo linalomtia baridi, ni kweli tupu, lakini kitandani hakumwambia siku ya mwisho, alimwambia Jumapili, Jumapili utasonga ugali mwenyewe, mama, na Jumapili hakuweza hata kufumbua macho... kweli hii ikitoka leo bila habari ya sindano kutangulia itakuwa uongo, tena uongo wenye aya, na Didas hajui lolote, wiki ile alikuwa kazini Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, anadhani ni mapenzi ya Mungu, jana alimshukuru Kalinga kwa maombi, akamshika mkono kwa mikono miwili... mtu anakohoa, matone yanaangukia ukurasa, wote wamemkazia macho, na Kalinga hajafungua kinywa, ila sasa anajua kwamba akikifungua hatasoma kwanza, atasema, Didas, mimi ndiye niliyemwachisha dawa.