Siku Chachu Alipokalishwa Kitini

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache. Wengine wote walimwita Chachu, maana akiingia uwanjani hata waliokuja kula tu na kuondoka walijikuta wameumuka. Tangu utotoni hakuna arusi ya ukoo iliyohesabika imefana kabla yeye hajacheza. Kwa hiyo alipofungua darasa la dansi, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hakuna aliyekuwa na wasiwasi, na yeye mwenyewe ndiye asiyekuwa nao kabisa. Kizuri chajiuza, alisema. Akapachika vioo ukutani, akanunua spika kubwa, akafungua mlango.

Na kweli watu walikuja. Tatizo ni kwamba hawakukaa. Shule zikifungwa, watoto na vijana walipanda ngazi kwa kishindo mpaka mwenye duka akawa anatazama dari. Miezi miwili mitatu ikipita, nusu yao huwaoni. Waliobaki walisimama nyuma, wakamtazama Chachu akicheza mbele ya kioo, na somo likiisha wakampigia makofi. Wakishuka utawasikia: "Yule mwalimu anajua, jamani." Wiki ya pili yake hawarudi.

Hayo yote aliyaona wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekaa meza ya mapokezi. Huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti inayonyoosha foleni yenyewe. Kucheza hakucheza. Hata arusini kwa mdogo wake alisimama kando na pochi yake kifuani kama askari wa lindo, akisema miguu yake iliumbwa ya kusimamia watu, si ya kurukia.

"Wewe wifi, ngoma unaipiga mwenyewe na unaicheza mwenyewe," alimwambia Chachu jioni moja wakifunga madirisha. "Hao watoto wamekuja sinema?"

"Wanajifunza kwa kuona. Mimi nani alinifundisha?"

"Hakuna. Ndiyo maana hujui kufundisha."

Chachu akageuka na fimbo ya pazia mkononi. Mtu mwingine angeyasema hayo, wangekosana. Lakini wifi ni wifi, ana leseni ya kusema.

"Kuna mafunzo ya wenye madarasa ya dansi, na walimu wao," wifi akaendelea, kana kwamba anatangaza zamu ya kufagia. "Kufundisha, kuendesha biashara, kulea wasaidizi. Nimetuandikisha wote wawili. Usinitazame hivyo, jina lako limeshapelekwa."

Ikawa hivyo. Asubuhi ya mafunzo Chachu alikwenda amenuna, amevaa kitambaa chake chekundu cha kichwani kama mtu anayekwenda mashindanoni. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, ubao mweupe, na feni iliyokuwa ikilalamika. Lakini watu waliokuwamo! Chachu hakuwahi kukaa chumba kimoja na wacheza dansi wengi kiasi kile. Hakuna aliyeweza kutulia. Simu ya mtu ilipolia, kabla hajaizima, nusu ya ukumbi walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kufuata mlio. Bwana mmoja mnene aliyevaa suruali ya mikanda ya begani alisimama kujitambulisha, na akajitambulisha kwa mzunguko wa dansi. Kinyongo cha Chachu kikaanza kulainika kwenye kingo.

Mkufunzi alikuwa mama mwenye mvi zilizokatwa karibu na ngozi, anatembelea mkongojo. Aliendesha madarasa ya dansi miaka mingi mpaka goti lilipomkataa. Hakupoteza muda.

"Mguu wako ukiteguka leo," alisema, "kesho nani atafungua darasa?"

Yule bwana wa mikanda akasema, "Tunafunga." Watu wakacheka, kisha kicheko kikaisha kama maji ya bomba yanapokatika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amejibu hivyohivyo moyoni. Chachu alikumbuka mafua yaliyomlaza mwezi uliopita, na watoto waliokuta mlango umefungwa. Akahisi wifi yake anamtazama, asigeuke.

Mkufunzi akazungumza juu ya mwanafunzi anayeondoka. Haondoki kwa sababu mwalimu hajui, alisema; mara nyingi anaondoka kwa sababu mwalimu anajua mno, na hakuna aliyemwonyesha yeye mahali pa kuingilia. Akazungumza juu ya msaidizi anayelelewa mpaka akamudu darasa peke yake, na juu ya mwenye biashara anayetaka kuwa moto, kuni na chungu kwa wakati mmoja. Chachu alisikiliza mikono kifuani. Wakati wa chai aliwaambia wenzake kwamba maneno ni mazuri, lakini dansi haifundishwi kwa maneno. Yeye apewe uwanja tu, hata gogo atalifundisha.

Maneno hayana miguu, lakini yalifika masikioni mwa mkufunzi kabla vikombe havijakusanywa.

"Kuna mtu humu hajawahi kucheza?" aliuliza walipokaa tena.

Wifi akanyoosha mkono juu, wima, kama anayehudhuria gwaride.

"Vizuri. Na nimesikia tuna mwalimu anayeweza kufundisha gogo."

Ukumbi mzima ukamgeukia Chachu. Akainuka haraka, kitambaa chekundu mbele, damu ikimchemka. Uwanja ndio huo amepewa. Alikuwa ameshapiga hatua ya kwanza mkufunzi alipoburuta kiti na kukiweka katikati.

"Kaa hapo. Mikono chini ya mapaja. Hutasimama mpaka yeye acheze."

"Nikikaa atafuata nini?"

"Ndilo swali lenyewe, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Aliona aibu kama mtoto aliyeadhibiwa kukaa pembeni. Wifi akasimama mbele yake kama nguzo ya umeme, mikono mbavuni.

"Haya wifi," Chachu akaanza. "Legeza magoti."

"Yamelegea."

"Hayajalegea. Sasa peleka kiuno."

"Kiende wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Chachu akajaribu tena: kulia, kushoto, nyuma, mbele. Wifi akatii kila neno, na kila alipotii akazidi kufanana na mtu anayesogeza kabati. Miguu ya Chachu ilikuwa ikiwaka. Angesimama mara moja tu, akaonyesha mara moja tu, ingetosha. Akanyanyuka kidogo. Mkongojo ukagonga sakafu, ko. Akakaa.

Hapo, kwa kukosa la kufanya, akamtazama wifi yake. Miaka yote hiyo alikuwa hajamtazama mtu akiwa anafundisha. Alitazama kioo, na kioo kilimwonyesha mtu mmoja. Sasa akaona kwamba wifi, hata akisimama tu, alihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, polepole, kama mtu aliyezoea kutembea usiku na mchana bila kuchoka. Akaona kisigino cha kulia kinagonga chini pasipo mwenyewe kujua.

"Wifi," akasema, na sauti yake ikawa nyingine, "bwenini, asubuhi, wasichana ulikuwa unawaamshaje?"

"Kuwaamsha?" Wifi akashangaa. "Kwa makofi. Napita katikati ya vitanda." Akapiga: pa, papa, pa. "Ukipiga moja moja wanaendelea kulala."

"Nionyeshe. Pita hapo katikati ya viti."

Hilo wifi alilijua. Akaondoka na hatua ndefu za matroni, makofi yake yakikata hewa, pa, papa, pa, na watu wakarudisha miguu yao wenyewe chini ya viti kwa woga wa zamani wa shuleni.

"Punguza mwendo. Kisigino kianze, kigonge chini. Hivyo hivyo. Sasa kuna wa kitanda cha kushoto hajaamka, mgeukie. Wa kulia naye, geuka. Usiache makofi. Yule amejifunika shuka gubigubi, mwinamie, mwinamie zaidi, mvue shuka, irushe."

Wifi akainama, akairusha shuka isiyokuwapo, mkono ukapaa, bega likaufuata, na kiuno, kile kilichouliza kiende wapi, kikaenda chenyewe. Akazunguka kurudi na njia ileile. Ukumbi ukashika makofi yake. Bwana wa mikanda akaanza kupiga mgongo wa kiti kama ngoma. Wifi hakuwa tena anaamsha mtu. Macho yake yalikuwa yamefunguka kama ya aliyeamshwa, na alicheza, mwanamke mrefu wa miaka sitini na ushei, kwa fahari, kwa mwendo wake mwenyewe ambao Chachu asingeweza kuubuni hata angekesha.

Chachu alikuwa bado amekalia mikono yake. Alikuwa amecheza mbele ya halaiki, ametunzwa, amebebwa juujuu, lakini kitu hiki kilichompanda kifuani hakukijua. Mkongojo ulikuwa umetulia. Angeweza kusimama sasa, na hakusimama.

Makofi yalipoisha wifi akabaki katikati ya ukumbi, anahema.

"Mbona mmeacha?" akauliza.

Mkufunzi akaja karibu na kiti cha Chachu. "Umejisikiaje?"

"Kama vile mimi ndiye niliyecheza."

"Ungecheza wewe, tungekupigia makofi tukaenda zetu nyumbani," mkufunzi akasema. "Tazama sasa."

Chachu akatazama. Nusu ya ukumbi walikuwa wamesimama wakijaribu mwendo wa wifi, na wifi alikuwa akipita kati yao anawasahihisha.

Njia nzima ya kurudi walizungumza kwa pamoja, huyu akimkatiza yule. Chachu alikuwa na mambo elfu ya kujaribu na wifi alikuwa na elfu mengine. Mume wa Chachu alipowafungulia mlango aliuliza mafunzo yamekwendaje, na dada yake akamjibu kwa kumpita kisigino mbele, pa, papa, pa, mpaka jikoni. Mume akamtazama mkewe. "Dada amefanywa nini?" Chachu alicheka mpaka akakaa chini kizingitini.

Jumatatu watoto walikuta vioo vimefunikwa mashuka na mwalimu amekaa kwenye kiti. Hawakujua wasimame wapi, kwa kuwa hakukuwa na mbele. Chachu akawauliza, mmoja mmoja, wanafanya nini wakiwa nyumbani. Mmoja anachota maji, mmoja anadaka mpira, msichana mmoja mpole aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake siku zote anambembeleza mdogo wake. "Tuonyeshe," Chachu akasema. Yule msichana akaonyesha, akitazama chini, akiyumba na mtoto asiyeonekana, na darasa zima likayumba naye. Kutoka hapo walijenga dansi yao. Somo lilipoisha hakuna aliyempigia mwalimu makofi. Walikuwa wanabishana hatua ya mwisho ni ipi, na waliendelea kubishana ngazini mpaka barabarani. Wiki iliyofuata walirudi wote, na wengine walileta ndugu zao.

Lakini wifi alikuwa na lake.

"Wale wa ngazini," alisema. "Mama zao, baba zao, babu zao. Wanakaa pale saa nzima na mifuko ya sokoni mapajani, wanangoja watoto. Kuna mmoja vidole vyake havitulii kwenye reli ya ngazi."

"Nimewaza hivyo hivyo. Tuwafungulie darasa lao, Jumamosi asubuhi." Chachu akavuta pumzi. "Na utafundisha wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza Chachu kuisikia sauti ya wifi ikishuka. "Wakinicheka je?"

"Watacheka. Sisi tulikucheka, na ulicheza."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mapokezi."

Ijumaa yote wifi alijifanya ana shughuli nyingi, akifagia chumba ambacho kimeshafagiwa. Jumamosi alikuja na viatu vipya vya raba, akaingia ndani bila salamu. Walioitikia wito walikuwa wengi kuliko walivyotarajia: akina mama wa ngazini, babu mmoja aliyeiacha kofia yake kwa Chachu kama anayeacha mtoto, baba aliyesema amekuja kumsindikiza mkewe tu. Chachu akaufunga mlango nyuma yao, akakaa kwenye meza ambayo hakuwahi kuikalia.

Mwanzo ilisikika miguu tu, ikisugua sakafu. Halafu kicheko kikubwa. Halafu makofi, pa, papa, pa, kwanza ya mtu mmoja, kisha ya wote, na sakafu ikaanza kuongea. Chachu akashika ukingo wa meza. Miguu yake ilitaka kwenda. Akaiambia ingoje zamu yake. Mwenye duka la chini akapanda mbio kuja kulalamika kwamba balbu zake zinacheza rafuni, akafika mlangoni, akasikiliza, akauliza kama darasa hili lina nafasi.

"Viatu uache hapa," Chachu akamwambia.

Nyuma yake akaja mama mmoja mgeni, hajawahi kuonekana ngazini, mkoba umebanwa kwapani. Alisema ametoka mtaa wa pili, amefuata sauti. Akachungulia chumbani kwa wasiwasi, akarudi mezani.

"Mwalimu mwenyewe yupo?"

"Yupo," Chachu akasema, akiinuka kumfungulia mlango. "Yule mrefu pale katikati. Ingia, bado hawajafika mbali."