Chai ya Bima Kubwa

“Tangazo rasmi!” Waitara alinguruma juu ya kigoda, kaptura yake ya shule ya bweni imetoboka nyuma. “Mwenye bima kubwa hupokewa na meneja, kwa chai!”

Baba yake mdogo, Mseti, alimwamini msomi wake. Aliuza mtamba wake wa pekee, akalipia pikapu yake bima kubwa.

Pikapu ilipopinduka, walikwenda ofisi ya bima, Tarime. Shirika la bima lilikuwa moja tu nchini, la serikali, na foleni moja. Wiki ya tatu sasa Mseti alikalia benchi pamoja na wenye bima ndogo, kahawa yake ikilowa nyumbani kwa kukosa usafiri.

“Mwanangu, mkumbushe karani ile kanuni ya chai. Uliisoma wapi?”

Waitara aliinama.

“Sikuisoma popote, baba. Nilikuwa nakutania.”