Aliyefungua Faili la Igoki

Miaka kumi na mmoja Gatakaa alifanya kazi katika masjala ya mahakama, na hakuwahi kusikia faili la mtoto limevuja. Kwa hiyo Igoki wa Runyenjes alipomwekea mezani karatasi iliyotoka katika faili la aina hiyo, aliisoma hadi mwisho. Ilikuwa kesi ya wizi wa simu, Igoki akiwa na miaka kumi na minne. Sasa anasomea uuguzi, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yameanza huko Kanyakine. Mama wa mchumba ndiye aliyeitoa karatasi hiyo mbele ya wazee.

"Niliambiwa mambo ya mtoto hufungiwa," Igoki alisema. "Nani alifungua?"

Gatakaa alimwomba siku mbili. Igoki alipotoka, Gatakaa akatazama kwenye kompyuta nani aliyeingia katika faili lile. Likatokea jina lake mwenyewe, tarehe aliyokuwa likizoni Mbeere, akimsaidia mamake kuvuna ndengu.

Hapo akakumbuka. Kabla ya kwenda alimwandikia Njiru, karani mwenzake, nenosiri lake ili kazi isikwame.

Njiru hakukana. Mama wa mchumba alikuwa shangazi yake. Shangazi alitaka kumjua msichana anayeingia nyumbani kwake, naye Njiru akamtolea nakala. Akamsihi Gatakaa waseme kompyuta ilivamiwa na wezi wa mitandao. Nani angejua?

Jioni Gatakaa alirudi nyumbani kwake, mtaa uitwao Dallas, akapiga hesabu. Alikuwa na wana wawili shuleni na cheo alichokingoja miaka mitatu. Hata hivyo asubuhi aliandika barua, kosa la Njiru na lake, bila kupunguza neno.

Mkuu wao, mzee Kithaka, aliisoma mara mbili. "Ondoa sehemu hii inayokutaja wewe, mama. Hii itakugusa."

"Iniguse. Nenosiri lilikuwa langu."

Njiru alisimamishwa kazi. Gatakaa alipewa barua ya onyo, na cheo kikaenda kwa mwingine. Lakini tangu wiki ile hakuna karani anayempa mwenzake nenosiri, na mafaili ya watoto hufunguliwa na watu wawili tu, tena kwa sababu iliyoandikwa.

Siku ya pili tangu Igoki aje, kama alivyoahidi, alipanda mwenyewe hadi Runyenjes na nakala ya barua yake. Igoki aliisoma akiwa amesimama. Uchumba ulikuwa umekwisha vunjika, na hakusema amesamehe.

"Nitaipeleka kwa wakili," alisema.

"Ndiyo maana nimekuletea," Gatakaa akajibu. "Wakiniita mahakamani, nitakuja kusema."