Kuni za Mzee Mbaruku

Mzee Mbaruku alifariki Jumanne alfajiri, mwaka wa 1979, na jua halijakolea mwanawe Sadala alishapanga kila kitu. Sadala alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa taratibu kupita kiasi. Hata akipiga chafya ungedhani anafungua mkutano. Kaburi lichimbwe makaburi ya kijiji, alisema, na wazike baada ya adhuhuri.

Mdogo wake, Tatu, moyo ulimuuma. Mama yao, Mwanaidi, alizikwa Kwamdoe, kwao kwa zamani, walikohamishwa mwaka wa sabini na nne, watu walipopelekwa vijiji vya ujamaa. Sadala mwenyewe ndiye aliyempandisha baba kwenye lori. Mzee hakubishana. Aling'oa mlango wa nyumba yake, akaupakia, akakaa juu yake. Tangu hapo Kwamdoe palikuwa mahame, na Sadala hakupenda hata patajwe. Kiongozi amrudishe baba yake kule, watu wangesema nini?

Jeneza lilipotolewa uani, Habakuki akajilaza njiani. Alikuwa Msambaa wa Vugiri, aliyekata mkonge na marehemu tangu kabla ya Uhuru, tena mtani wake. Na mtani msibani hakasirikiwi.

"Mzigua huyu alikuwa mwongo," alisema. "Miaka mitano, kila Ijumaa akitoka kusali anaaga anakwenda kutafuta kuni. Nani alimwona akirudi hata na kijiti?"

Akainuka, akaiga mwendo wa marehemu, kiuno kimepinda, mkono mmoja mgongoni. Alikuwa baba mtupu. Tatu alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtiririka.

"Alikwenda kufagia kaburi la mkewe," Habakuki akaendelea. "Leo mnampeleka kwa nani? Aniruke anayeweza." Akalala tena.

Watu wote wakamgeukia Sadala. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Tatu, ni kweli?"

"Kweli, kaka. Hata masika. Alirudi na matope mpaka magotini."

"Na mimi nilikuwa namsema hadharani kwamba anatoroka mikutano," Sadala alisema. Akatuma watu wakachimbe Kwamdoe. Jeneza lilipoinuliwa, bega la kwanza lilikuwa lake.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, Tatu alikwenda peke yake. Mchungwa wa mama bado ulikuwa unazaa, na jiwe lake la kusagia lilikuwa palepale, limezungukwa na majani. Nyumba ilibaki kuta mbili na pengo la mlango. Alitamani kuisikia tena sauti ya mama ikimwita achote maji.

Nyuma ya nyumba alimkuta Sadala, shati limelowa jasho, anafagia makaburi mawili.

"Kaka, si leo kuna mkutano?"

"Upo."

"Umewaagaje?"

Sadala hakuinua uso. "Nimewaambia nakwenda kutafuta kuni."