Rubani wa Mzunguko wa Pili

Lindsay Tregear alitoka Australia kwenda vitani na begi moja la turubai na tabia moja ya baba yake. Begi lilipotea bandarini Kanada. Tabia haikupotea.

Kwao Wimmera, kwenye nchi ya ngano, baba yake aliendesha gari la magunia lililovutwa na farasi wanane. Geti la stesheni ya reli lilikuwa jembamba, na siku za mavuno foleni ilikuwa ndefu, watu jua kichwani na ndimi zimewachongoka. Gari likija upande, mzee Tregear hakulilazimisha. Aliwageuza farasi wote, akauzunguka uwanja mzima, akaja upya. Watu wakipiga miluzi, yeye hana habari. "Geti halikimbii," humwambia mwanawe.

Basi Lindsay alipofundishwa urubani, kwanza kwao, kisha Kanada kwenye theluji, akawa yuleyule wa baba yake. Akiona ndege haijakaa sawa, haitui. Anaongeza moto, anapaa, anazunguka, anakuja tena. Na akitua, anatua kama mama anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Lakini wenzake waliomngoja pembeni ili waende kula wakampa jina: Mzunguko.

Jina likafika Uingereza kabla yake, na huko ndiko lilikomuuma. Maana kule watu wa ndege moja ya mabomu hawakupangwa na wakubwa. Waliingizwa wote ndani ya banda kubwa la ndege, wakaambiwa wachaguane wenyewe. Anayebaki bila kuchaguliwa anaunganishwa na waliobaki wenzake, na nani alitaka kwenda juu ya Ujerumani na makombo?

Lindsay akasimama karibu na mlango, kofia mkononi. Garnet Doyle, rubani wa Sydney mwenye nywele za mafuta, alikuwa ameshapata watu wake.

"Mzunguko, bado umesimama? Hebu lizunguke banda, huenda ukaona mtu."

"Nimeshazunguka," Lindsay akasema. "Nimekuona wewe, nikapita."

Walio karibu wakacheka, ila hakuna aliyesogea.

Ndipo akaja Mwingereza mmoja mfupi, mvi zimeanza, anatafuna njiti ya kiberiti. Alikuwa Alf Bidwell, muuza nyama wa mjini Hull kabla ya vita, na sasa mpiga bunduki wa mkiani.

"Kijana, ni wewe jana uliyepaa tena magurudumu yakiwa karibu kugusa?"

"Ni mimi. Ilikuja upande."

"Ungeweza kuilazimisha."

"Ningeweza."

"Na watu walikuwa wanakutazama."

"Wananitazama kila siku, mzee. Wameshazoea."

Alf akaitema njiti. "Sikiliza. Mimi nakaa mkiani peke yangu. Rubani akitaka sifa, mgongo wangu ndio unaolipa." Akageuka, akamwita kijana mrefu mwenye ramani kwapani. "Pascoe, njoo. Tumepata nahodha."

Hakuna aliyewahi kumwita Lindsay nahodha. Akaivaa kofia yake vizuri.

Wakapata wengine wawili humo bandani, wakaendelea kujifunza, wakahamia ndege ya injini nne, wakaongezewa wawili, wakawa saba. Wakaenda Ujerumani wakarudi, wakaenda wakarudi. Alfajiri moja wakarudi na injini moja imekufa, upande wa kushoto, na matangi yanakaribia ukavu. Upepo ulikuwa unaukata uwanja, na ndege ikawa inavutwa pembeni kama farasi aliyeona nyoka.

"Nahodha," fundi wa injini akasema, "mafuta yanatosha kutua. Kuzunguka, siwezi kukuapia."

Lindsay akaiteremsha. Uwanja ukaja, ukaja, na pua ya ndege ikawa imeelekea kwenye majani. Mkono ukamwambia lazimisha, mara hii tu, nani atakulaumu? Lakini alijua akigusa hivyo magurudumu yatavunjika, na mkia utakatika na Alf ndani yake.

"Naenda tena," akasema.

Akaongeza moto. Injini tatu zikanguruma, mapaa ya kambi yakapita chini yao. Lindsay akangoja mtu alalamike, kwa kuwa wote sita walikuwa na haki hiyo. Kisha sauti ya Alf ikaja toka nyuma, ya mtu aliyekaa barazani kwake.

"Huku mkiani hatuna haraka, Nahodha. Geti halikimbii."

Lindsay alikuwa amewasimulia habari za farasi wa baba yake mara nyingi mno.

Mara ya pili akaja kwa mbali zaidi, akaupima upepo, akaliinamisha bawa moja kidogo, akainyoosha ndege mwishoni. Magurudumu yakagusa bila kishindo. Walipokuwa wakiiacha njia ya kurukia ndege, injini ya pili ikakohoa ikazimika, kwa kukosa mafuta.

Alf akashuka kwa ngazi, akajishika kiuno, akajinyoosha. "Mgongo upo," akasema, akaanza kutafuta njiti.

Kwenye chumba cha kulia wakapewa yai la kukaanga, kama wapewavyo wanaorudi. Garnet Doyle alikuwa mezani. Naye alikuwa ametoka safari ileile.

"Nilikuwa dirishani," akasema. "Ile ya kwanza ilikuja upande."

"Ndiyo."

"Mimi ningetua."

"Najua," Lindsay akasema, akakata yai lake.

Garnet akamsogezea chumvi. "Kesho, Nahodha Tregear, nifundishe ulivyoinamisha lile bawa."