Tiki Moja

"Usiukanyage huo waya!"

Binti aliganda, mguu mmoja hewani. "Baba, napita tu. Usaili wangu ni saa tisa, na sasa ni saa saba na nusu. Hiyo ruta itapona, au nikaombe mtandao kwa jirani?"

"Itapona."

"Leo?"

Neno hilo lilikuwa na mwiba wake. Mtaa mzima ulimwita baba yake Fundi Kesho. Mpelekee redio, kesho. Mpelekee pasi, kesho. Na kesho yenyewe ikifika unamkuta ameitandaza mezani vipande vipande, anakutazama kwa macho ya upole: "Kesho, ndugu yangu, haki ya Mungu." Hakuwa mwongo. Alikuwa akimwonea huruma kila aliyesimama mlangoni, basi akaahidi kupita uwezo wa mikono yake miwili. Watu walimcheka na wakamsubiri, maana kazi yake ikiisha imeisha.

"Leo," alisema.

Ruta yenyewe ilikuwa nzima. Kilichochakaa ni programu yake ya ndani, ambayo kampuni iliyoiunda ilishaacha kuitazama miaka mingi, na sasa mtandao ulikuwa ukikatika kila baada ya dakika kumi. Dawa yake fundi alikuwa nayo: programu huria, inayoandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi hata kuonana, kisha ikaachwa wazi, anayeitaka achukue. Alishaiweka kwenye ruta sita za wateja. Ya nyumbani kwake ndiyo ilingoja, maana mganga hajigangi. Alisoma namba ya modeli na toleo mara tatu, akifuta vumbi kwa kidole alichokilamba, kwa kuwa ukikosea toleo ruta inageuka tofali, haiwaki tena. Aliiunga kwenye betri, umeme usije ukakatika katikati. Faili lilikuwa tayari kwenye kompyuta. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza.

Na hapo ndipo alipokwama karibu saa nzima.

Kwenye ukurasa wa zamani wa ruta kulikuwa na orodha ya vifaa vyote vilivyowahi kuunganishwa pale nyumbani. Mstari wa tatu ulisomeka: Simu ya Mama. Pembeni yake: mara ya mwisho kuonekana, tarehe kumi na mbili. Programu mpya ingefuta orodha yote.

Mkewe alifariki tarehe ishirini.

Siku nane hizo alizijua yeye peke yake. Tarehe kumi na mbili alikuja dereva mmoja, kioo cha simu kimepasuka, safari yake jioni ile ile, na mkewe yuko mbali anakaribia kujifungua. Simu ya aina moja kabisa na ya mke wa fundi. Naye mke huyo wa fundi alikuwa amelala chumbani na homa, ambayo wote waliiona ni homa tu.

"Mpe kioo changu," alisema kutoka kitandani. "Mimi nampigia nani, mto?" Akacheka, akakohoa.

"Kesho nakuwekea kingine."

"Haya, Fundi Kesho."

Siku iliyofuata akalazwa hospitali. Kioo kilichoagizwa hakikuja, wala siku ya pili, wala ya nne. Kila fundi alipoingia wodini, mkewe alitazama mikono yake kwanza, kisha uso.

"Tumia yangu," fundi alimwambia.

"Sitaki. Nikimpigia kwa yako atasema wewe umenilazimisha. Nataka aone jina langu."

Maana mama na binti, ambaye wakati huo aliishi mbali, walikuwa wamegombana vibaya, kwa sababu ya chuo ambacho binti alikiacha katikati. Yalisemwa maneno ambayo hayasemwi. Mama ndiye aliyekata simu, na alitaka yeye ndiye awe wa kwanza kupiga tena.

Kioo kilifika siku ya mazishi. Fundi alikipokea mlangoni, akakitia kwenye droo pamoja na ile simu, akafunga kwa ufunguo. Binti alipouliza simu ya mama iko wapi, akajibiwa imepotelea hospitali. Fundi alidhani ni uongo mdogo tu.

Sasa binti alirudi na kikombe cha chai, akakiweka mbali na waya. Hakuondoka.

"Wakinipa kazi hii, nilitaka mama awe wa kwanza kusikia," alisema. "Ona mambo! Hata angekuwa hai, nisingeweza kumwambia."

"Kwa nini usingeweza?"

Binti alimwonyesha simu yake. Ujumbe mmoja chini ya mwingine, jumla nane. *Mama nisamehe. Mama unaendeleaje? Mama hata ukinitukana, jibu.* Kila mmoja na tiki moja.

"Alinifungia nisimfikie, baba. Nilituma kila siku, haukufika hata mmoja. Alikufa amenifungia."

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, na tarehe kumi na mbili ingefutika duniani, na yeye angebaki baba mwema aliyetengeneza mtandao kwa wakati. Aliwaza hivyo, tena si kwa mbali. Aliogopa kubaki bila mke na bila mtoto.

"Mwanangu," alisema, "njoo uone kitu."

Binti aliinama mbele ya kompyuta, akasoma. "Tarehe kumi na mbili? Mbona mama alikuwa…"

"Hakukufungia. Simu haikuwa na kioo, ilikuwa imezimwa. Nilikitoa mimi." Akaeleza yote, dereva, homa, wodi, droo. Hakujitetea. Hata lile neno "kesho" hakuliruka.

Nje mtu alipiga hodi, "Fundi Kesho, upo?" Hakuna aliyemwitikia, akaenda zake.

"Wiki tatu," binti alisema. "Wiki tatu nalala nikijua mama yangu hakunitaka. Na ufunguo unao mfukoni!"

"Najua."

"Hujui, baba. Usiseme unajua." Alijifuta uso kwa kiganja, akatazama saa ya ukutani. "Bonyeza."

"Kama unataka, nipige kwanza picha ya—"

"Bonyeza."

Akabonyeza. Taa za ruta zilizimika zote, ikabaki moja inapepesa. Dakika tano haitakiwi kuguswa, na kwa dakika tano walisimama pale pale, baba na mwana, kila mmoja akiitazama taa ile asimtazame mwenzake. Ilipowaka sawasawa, fundi aliandika upya jina la mtandao, lile lile. Akaandika na neno la siri alilolichagua mkewe, herufi kwa herufi, ili kila kilichokuwa kikiijua njia ya nyumbani kiendelee kuijua.

Saa tisa kasoro dakika mbili binti aliingia chumbani, akafunga mlango.

Fundi aliifungua droo. Alipasha joto kingo za simu, akakwangua gundi ya zamani, akapanga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Wateja wawili walichungulia dirishani, hakuinua kichwa. Sauti ya binti ilisikika chumbani ikijieleza bila kukatika hata mara moja, na mara moja tu ikacheka, kicheko kile cha mama yake. Fundi alilia, machozi akiyapangusa kwa bega yasidondokee kazi.

Binti alipotoka, alisema, "Watanijulisha."

"Mtandao ulikata?"

"Haukukata."

Aliona kilichokuwa mezani. Alikaa kwenye benchi la wateja, mbali kidogo. Fundi alibana kioo mahali pake, akachomeka chaji, akabonyeza pembeni na kushikilia.

Simu ikawaka. Ilikaa kimya muda mrefu, na alama ya mtandao pale juu ikajaa mstari mmoja mmoja. Kwenye orodha mpya ya ruta, ambayo ilikuwa na vifaa viwili, kikaongezeka cha tatu.

Simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara nane, ikijisogeza kidogo juu ya meza kila ilipotetemeka, na hakuna aliyeinyooshea mkono.

Binti alikuwa akiitazama yake kiganjani. "Zimefika," alisema. Akahama benchi, akaja kukaa kando ya baba yake ili naye aone. Walikaa hivyo, wanazitazama tiki mbilimbili za kijivu, mpaka kile kioo kipya mezani kikazimika chenyewe.